Sifuri ya Mama Mito

Mimi ni fundi makochi, na nimeoa mwanamke asiyejua kukaa. Watu wakisikia hivyo hucheka, lakini wao hawaishi naye. Sebuleni kwetu kuna kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu, sponji nzito, mgongo umeinuliwa kidogo ili mtu asiumie kiuno, na tangu tuoane mke wangu amelitumia kuwekea mkoba. Yeye husoma amesimama. Hula akizunguka. Ukimlazimisha akae, mguu wake wa kulia unaanza kupiga chini ya meza hadi vikombe vinagongana. Ndiyo maana ndugu zangu walimpa jina la Cherehani, na jina limemkaa kuliko yeye anavyokaa popote.

Kazi yake ni kusoma. Haya, cheka tena. Yuko kwenye mfuko mmoja wa misaada, wale wanaogawa ruzuku kwa asasi za yatima, za visima, za wagonjwa, za kila shida iliyopo chini ya jua. Asasi hizo hazilipi kodi, si kama mimi ninavyokamuliwa, lakini kila mwaka lazima zipeleke ritani kwenye ofisi ya kodi: zimepata nini na kutoka kwa nani, zimetumia wapi, viongozi wanalipwa kiasi gani, na mwisho wa mwaka kimebaki nini. Ritani hizo si siri, yeyote anaweza kuziomba. Mfuko wa mke wangu hautoi hata senti kabla ya kuzisoma.

Na kwa kuwa maombi ni mengi kuliko macho, mke wangu ndiye aliyebuni kile walichokiita chekeche. Kijana wa mapokezi anafungua ritani, anatazama gharama za utawala. Zikizidi robo ya matumizi yote, ombi linarudishwa na barua fupi ya pole, wala halifiki kwa msomaji. Linalopita linasomwa, asasi isiyobakiwa na akiba inapunguzwa alama, na kama kiongozi wa asasi halipwi kitu, pale kwenye mshahara wake pana sifuri, basi asasi inaongezewa alama kwa moyo wa kujitolea. Kwa chekeche hilo alipandishwa cheo. Tulilila, tukalinywa, tukalilalia. Kila mgeni aliyekanyaga kwetu alihadithiwa chekeche mpaka mimi nikawa natafuta kisingizio cha kwenda kupanga misumari.

Nyumba yetu ina mtu wa nne, ukiacha sisi wawili na binti yetu aliye shule ya bweni. Huyo ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto wote, mdomo kikauogopa. Amelala chumba cha nyuma, na kutoka huko anaongoza nyumba nzima kwa sauti. Mtu aliyelala hivyo asipogeuzwa anaota vidonda mgongoni, na kumgeuza si suala la nguvu. Mimi nabeba makochi ya watu watatu, lakini kila nikimgeuza Shangazi anapiga ukelele kama nimemvunja.

Aliyekuwa akimgeuza bila ukelele ni Mama Mito. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu alikuja kila asubuhi na mfuko wa vijito, mito midogo ya kuegemezea aliyoshona mwenyewe, akiijaza vipande vya sponji ninavyokata pembeni, ambavyo zamani nilikuwa nikitupa. Kimoja chini ya kisigino, kimoja katikati ya magoti, kimoja nyuma ya bega, na Shangazi anatulia. Alitoka kwenye kikundi cha wanawake wanaohudumia wagonjwa majumbani. Hawatozi mtu, mwenye uwezo anachangia. Kila tulipomwomba jambo, abadilishe saa au atuongezee siku, alijibu kwa adabu kwamba atauliza ofisini. Kesho yake anarudi na jibu: ofisi imekubali. Mimi nikawa naiona akilini hiyo ofisi, na meza yake, na feni yake, na bosi mkali anayesaini ruhusa.

Jumamosi moja mke wangu alikuwa ukumbini na faili zake, akipima sakafu kama kawaida, Shangazi akamwita kwa ile sauti ya kuamsha mtaa. Mama Mito alikuwa amemwambia, kwa upole wake ule, kwamba mwezi ukiisha hajui nani atakuja kumgeuza. Kikundi kinafungwa. Waliomba ruzuku mahali, wakarudishiwa ombi lao na barua.

Mke wangu akauliza waliomba wapi. Mama Mito, aliyekuwa bado chumbani, akataja jina la mfuko, tena kwa heshima, akasema ni watu wazuri sana, wamewaandikia pole. Hakujua anayemwambia anafanya kazi huko huko. Mke wangu alishika fremu ya mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikauona mguu umesimama, haupigi. Nilishtuka zaidi kwa huo mguu kuliko kwa habari yenyewe.

Jumatatu aliomba ritani ya kikundi kwenye ofisi ya kodi kama raia mwingine yeyote, maana faili la mfuko alishaona si halali yake kuligusa, mgonjwa wao yuko nyumbani kwake. Jioni akaja nayo karakana kwangu. Aliichukua pia ya asasi kubwa moja ambayo mfuko unaipa ruzuku kila mwaka, ile yenye jengo la vioo, mimi naiita Vioo tu. Akazitandika zote mbili juu ya kochi nililokuwa nalivika kitambaa, akaanza kuzunguka.

Nilichungulia ya kina Mama Mito, na sitaficha, damu ilinichemka. Zaidi ya nusu ya pesa ilikuwa imeandikwa utawala! Nikasema ndiyo hayo, kumbe wanajilipa, wagonjwa wanapewa sabuni, wao wanakula nusu. Nikasema na mengine ambayo hayafai kurudiwa. Mke wangu aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akaniuliza huyo Mama Mito anayekula nusu ana viatu jozi ngapi. Nilikuwa nimevijua viatu vyake, ndala za mpira zilizoshonwa kwa uzi wangu.

Akanionyesha taratibu, kidole kwenye karatasi. Wale wanawake walipojaza ritani hawakuwa na mhasibu. Waliona kila pesa inayoingia mkononi mwa mtu ni utawala, na huduma kwa mgonjwa ni vitu: sabuni, glavu, mashuka. Kwa hiyo posho ya mhudumu anayemwosha mgonjwa, na nauli yake ya kumfikia, wameziweka utawala. Lakini mgonjwa wa kitandani anahudumiwa kwa kitu gani kama si kwa mikono ya mtu? Halafu akahamia ya Vioo. Hapo kuna mhasibu wa kukodi anayejua kila kisanduku. Dereva yumo kwenye huduma, nusu ya mshahara wa mkurugenzi imo kwenye huduma, hata kodi ya jengo imegawanywa vizuri, utawala ukabaki kiduchu. Hawajadanganya, alisema, sheria inaruhusu. Wanajua kujaza tu.

Akaendelea, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kwenda mbio, mpaka akawa anaruka mbao zangu. Akiba: Vioo wanaweza kukaa miaka wasipewe na mtu wasife. Kina Mama Mito mwaka umeisha hawana kitu, na chekeche linasema asiye na akiba ni mpangaji mbaya. Lakini atawekaje akiba mtu ambaye kila aliyempa alimpa kidogo, kwa mwaka mmoja, kwa masharti ya kununua vitu na si kulipa watu? Ukurasa mwingine wajumbe wa bodi. Mimi nikasema hawana hata mwanasheria mmoja. Yeye akasema angalia anwani. Wote walikuwa wanaishi mitaa ile ile wanayohudumia, wengine ni ndugu za wagonjwa. Wa Vioo walikuwa na vyeo vya kujaza mstari, na hakuna hata mmoja anayelala upande ule wa mji.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nikasema, ili nami nionekane nimeelewa. Yeye alikuwa amefika kwenye mshahara wa kiongozi. Sifuri. Chini yake palikuwa na jina refu la Kikristo, na anwani. Nikaisoma anwani, nikaisoma tena. Ni mlango wa bluu nyuma ya kituo cha mafuta, chumba kimoja. Hapo ndipo ninapompelekea Mama Mito vipande vya sponji.

Kumbe ofisi ni yeye. Alikuwa akituaga kwa adabu, anakwenda nyumbani kwake, anajiuliza, anajikubalia, anarudi kutuletea ruhusa. Tungecheka, jamani, ni jambo la kuchekesha. Mke wangu aliweka kiganja juu ya ile sifuri akasema kwa sauti ndogo, "Hii sifuri mimi huwa naipa alama."

Asubuhi yake tulimuuliza Mama Mito anaishije. Alicheka kidogo, akasema anafulia watu mchana, na jioni kuna nyumba anasafisha. Alikuwa na mwenzake shupavu kuliko yeye, ndiye aliyepaswa kuongoza kikundi, lakini mjane mwenye watoto hawezi kuongoza bure, akaenda kuuza dukani kwa mtu. Mkono mtupu haulambwi. Yeye Mama Mito watoto wameshakua, ndiyo maana akabaki. Mke wangu naye akamweleza wazi anakofanya kazi, na kwamba hataligusa faili lao kwa lolote, ili asije akasikia baadaye kwa watu. Mama Mito aliomba radhi, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Hilo lilimtesa mke wangu kuliko kama angetukanwa.

Siku zilizofuata sizitamani zirudi. Mwezi ulikuwa unakwenda ukingoni. Mke wangu aliacha hata kujifanya analala mchana wa Jumapili. Alitoa kwenye kabati la ofisi nakala za barua zote za pole, kundi baada ya kundi lililochujwa, akaomba ritani zao, akakuta mambo ni yale yale: vikundi vya wenyewe kwa wenyewe, vya walemavu, vya wanawake wa pembezoni, watu waliojijazia ritani usiku wa mwisho kwa kubahatisha. Wenye mhasibu walipita. Aliponiambia anakwenda kusimama mbele ya kamati na kulivunja chekeche lake mwenyewe, nilimwambia huko ni kukata pua kuunga wajihi, cheo hicho ndicho kinacholipa ada ya mtoto. Aliniangalia mpaka nikajiona mjinga.

Yaliyotokea kwenye kikao alinisimulia akiyaigiza, mara yeye, mara mkurugenzi wake. Alianza kwa kutangaza kwamba shangazi wa mumewe anahudumiwa na kikundi kimojawapo, kwa hiyo kikijadiliwa atatoka nje. Lakini la chekeche ataliongea, maana ni lake. Mkurugenzi si mtu mbaya, ni mtu wa kuogopa lawama. Alimkumbusha kwamba kipimo alikileta yeye, na akasema neno ambalo kweli lina uzito.

"Tukiacha kipimo kimoja kwa wote, tutaanza kupendelea."

"Tayari tunapendelea," mke wangu akamwambia. "Tunapendelea wenye mhasibu."

Anasema mguu wake ulikuwa umeanza kupiga sakafu. Mjumbe mmoja, daktari mstaafu, akauliza basi wafanyeje, wafumbe macho? Akamjibu hapana, wafumbue zaidi. Ritani isomwe yote, si mstari mmoja. Kabla ya kumrudisha mtu apigiwe simu aulizwe hii pesa mmeiita utawala imefanya nini hasa. Asiye na akiba aulizwe alipewa pesa za namna gani. Na penye sifuri ya kiongozi isipewe alama, iulizwe: huyu anakula wapi, na nani ameshindwa kuongoza kwa sababu ya sifuri hii? Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho walikubali kujaribu kwa wale waliochujwa mwaka huu tu. Faili la kina Mama Mito likapewa kijana mwingine, na mke wangu akatolewa nje likifunguliwa. Hakuna aliyemsifu. Chekeche lilipomletea cheo walimpigia makofi, siku hiyo hata wa kumfungulia mlango hakuwepo.

Yule kijana akampigia Mama Mito simu. Akamwambia alete bajeti ya mwaka ujao, kila kazi na malipo yake, hata ya kiongozi. Basi akaja nayo kwetu ndani ya ule mfuko wa vijito, fomu imekunjwa katikati ya sponji. Alimwosha Shangazi, akamgeuza, mimi nikiwa nimeitwa kuinua godoro, kisha akavuta kigoda akaandikia juu ya sinia. Mke wangu alikuwa mlangoni. Wahudumu wote walipata posho zao, nauli ikaandikwa, glavu zikaandikwa. Kalamu ikafika kwenye mstari wa kiongozi, ikasimama.

Akainua macho. "Mama, hapa niandike nini?"

Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi, sijapata kumwona anateseka vile. Jibu lilikuwa limemjaa mdomoni. Lakini alikuwa ameweka sahihi kwamba faili hilo hatalitia mkono wala neno, na akilitia, kesho mtu atasema ruzuku ilipikwa nyumbani kwake, na wale wengine wote aliowapigania watazama pamoja. Mguu ulikuwa unapiga mpaka mlango ukawa unatetemeka. "Siruhusiwi, dada," akasema. "Nisamehe."

Mama Mito akaitikia kwa kichwa, hakukasirika. Akasema taratibu kwamba akiandika chochote watasema wamekuja kula, na sifuri imewasitiri siku zote. Akaiandika. Nzuri, ya mviringo. Mke wangu akageuka akatoka, nikasikia ndala zake zikiizunguka nyumba, dirisha la jikoni, ukuta wa nyuma, dirisha la jikoni tena. Mimi niliuma ulimi kwa sababu niko kwenye nyumba hiyo hiyo na sahihi hiyo hiyo inanihusu. Nilitamani kumpokonya kalamu.

Shangazi, yeye, hakuwa amesaini kitu.

"Wewe," akaanza, "ukinigeuza, hiyo ni kazi au mchezo?"

"Ni kazi, Shangazi."

"Na huyu mwanangu akigongelea kochi la mtu misumari?"

"Ni kazi."

"Analipwa?"

"Analipwa."

Shangazi akavuta pumzi, upande mmoja wa uso wake ukiwa umekaza, mwingine umelala kama ulivyo. "Basi niambie ukweli. Mimi ni duni kuliko kochi?"

Mama Mito alitazama sinia. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa nyuma ya mkono kwa sababu kiganja kilikuwa na mafuta ya kumpaka mgonjwa. Kisha akaikata ile sifuri kwa mstari mmoja, akaandika kiasi pembeni. Kilikuwa kidogo, nilikiona, mimi sivalishi kiti kimoja kwa hela hiyo. Shangazi akaamuru asomewe. Akasomewa. Akasema ongeza, na Mama Mito, huku analia na kucheka, akaongeza.

Ruzuku ilitoka mwezi ukiwa umeshaisha, na kwa siku kadhaa wale wanawake walikuja kwa nauli zao wenyewe. Yule mjane wa dukani amerudi. Vikundi vingine viwili katika vile vilivyochujwa vimepata, vingine vimekosa, na mke wangu bado anagombana na mkurugenzi wake juu ya mwaka ujao, maana chekeche halijafa, limewekwa kabatini tu. Cheo bado anacho. Namwambia ashukuru, ananiambia nisimtie kichefuchefu.

Jumapili ya kwanza baada ya malipo kuanza, alikuja mhudumu mwingine, mwembamba, na vijito vile vile. Shangazi akamkagua kuanzia kichwani. Akauliza kwa ukali Mama Mito yuko wapi, anaumwa, au ameshatuona sisi si kitu?

"Haumwi, Bibi," yule akasema akiweka mto chini ya kisigino. "Leo ofisi imelala."

Shangazi alicheka kwa upande wake mmoja mpaka akapaliwa. Ukumbini mke wangu akasimama kidogo na faili lake mkononi, akasikiliza, halafu akaanza kutembea tena.